Ulises Carrión kwa macho ya Lubumbashi: duka ndilo lililokuwa kazi yake bora

Mwezi Februari 1975 jarida la Plural la mjini Mexico, lililohaririwa na mshairi Octavio Paz, lilitoa makala ya Mmeksiko mmoja aliyekuwa amehamia Amsterdam. Makala ilidai kwamba mwandishi, kinyume na watu wanavyodhani, haandiki vitabu. Anachoandika ni matini tu. Kitabu ni mfululizo wa nafasi, ukurasa baada ya ukurasa, na anayetaka kuitwa mtengenezaji wa vitabu hana budi kuwajibika kwa kitu kizima, kuanzia karatasi na mpangilio hadi namna ya kukifikisha kwa msomaji. Mwandishi wa makala hiyo aliitwa Ulises Carrión, naye alikuwa hajafikisha miaka thelathini na mitano.

Tangu hapo makala hiyo imetafsiriwa na kunakiliwa mara nyingi, na leo inazunguka hata miongoni mwa wasanii wa Lubumbashi, mji wetu wa migodi kusini mashariki mwa Kongo, kutoka simu hadi simu, pengine bila jina la mtafsiri wala mwaka. Sina ugomvi na mzunguko huo. Ninachokitilia shaka ni namna tunavyomsoma mtu huyu. Tukimpokea kupitia makala ile peke yake, tutachukua sehemu yake ambayo haitufai sana, yaani dharau yake kwa maandishi, na kuiacha ile ambayo ingetufaa zaidi ya nadharia yoyote, nayo ni duka dogo la vitabu alilolifungua mwaka huohuo wa 1975 kando ya mfereji wa Herengracht, Amsterdam. Nitajaribu kueleza kwa nini nasema hivyo, na nitaeleza nikiwa hapa, katika mji ambao una historia yake ya vitabu visivyopitia kwa mchapishaji.

Carrión alizaliwa mwaka 1941 huko San Andrés Tuxtla, katika jimbo la Veracruz nchini Mexico. Alisomea falsafa na fasihi katika chuo kikuu cha taifa, akachapisha mikusanyo miwili ya hadithi, mmoja mwaka 1966 na wa pili mwaka 1970, na kila dalili ilionyesha kwamba angekuwa mwandishi wa kawaida mwenye sifa za kawaida. Alipata nafasi za masomo Ulaya. Alipita Ufaransa, Ujerumani na Leeds nchini Uingereza, kisha mwaka 1972 akatua Amsterdam na kubaki huko hadi alipofariki mwaka 1989 kwa maradhi yanayotokana na UKIMWI. Hakurudi tena kwenye hadithi. Aliacha pia, kwa sehemu kubwa, kuandika Kihispania, akawa anafanya kazi zake kwa Kiingereza, lugha aliyojifunza ukubwani, na ambayo aliitumia kama fundi anayetumia vifaa vya kuazima: kwa uangalifu, bila mapambo.

Ni muhimu kukumbuka mpangilio huo wa maisha. Aliyesema fasihi ni sanaa ya kale alikuwa amekwisha kuingia ndani ya nyumba ya fasihi, akakalishwa kitini, na ndipo akaamua kutoka. Nitalirudia jambo hili baadaye, kwa sababu ndilo linalonitenganisha naye.

Vitabu vyake vya mwanzo vya Amsterdam ni vya kustaajabisha kwa uchache wa vifaa. Katika kimoja, cha mwaka 1972, alichukua soneti moja ya mshairi Mwingereza wa karne ya 19, Dante Gabriel Rossetti, akaipiga taipu upya mara arobaini na nne, kila mara kwa badiliko moja dogo la umbo: mara herufi zote kubwa, mara alama za uandishi zimevurugwa, mara mistari imepangwa kwa namna nyingine. Hakuongeza wazo lolote la kwake juu ya mapenzi, ambayo ndiyo mada ya soneti. Lakini msomaji akifika toleo la kumi, la ishirini, anagundua kwamba hasomi tena mapenzi ya Rossetti; anasoma mashine ya taipu, anasoma ukurasa, anasoma mazoea ya macho yake mwenyewe. Katika kingine, kilichochapishwa mwaka 1973 na Beau Geste Press, kikundi cha wasanii waliokuwa wakichapa vitabu kwa mikono yao katika nyumba ya mashambani huko Devon, Uingereza, hakuna kitu ila majina ya watu. Majina yamepangwa kama mazungumzo: jina hapa, jina pale, majina mawili yakikutana, moja likirudiwa hadi likachosha, jingine likitoweka. Hakuna kitenzi hata kimoja, lakini ugomvi unausikia, na maridhiano unayasikia, na mtu wa tatu aliyeingia katikati unamwona. Ninakiri kwamba nilianza kwa kukitilia mashaka kitabu hiki, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote alivyotengeneza. Anayejua jinsi jina linavyoitwa katika ua wa nyumba zetu, mara moja kwa upole, mara ya pili kwa kuvuta, mara ya tatu kwa onyo, hahitaji kuelezwa kinachoendelea.

Mwaka huohuo alitengeneza kitabu ambacho kurasa zake ni vipande vya karatasi za kupamba kuta za nyumba, na jina lake linamwahidi msomaji kwamba akisema ukuta wa chumba chake umepambwa kwa karatasi gani ataambiwa yeye ni nani. Ni mzaha wa nchi zinazopamba kuta kwa karatasi. Kwetu ingebidi kutumia rangi ya mafuta ya nusu ukuta, ile ya kijani au ya kahawia inayoishia kifuani.

Sasa tuingie kwenye makala ya 1975. Kichwa chake, "Sanaa mpya ya kutengeneza vitabu", kinaiga kwa makusudi utenzi wa mwaka 1609 ambamo Lope de Vega alitetea namna mpya ya kutunga tamthilia za Kihispania, kwa hiyo tangu mwanzo Carrión anajiweka katika ukoo wa fasihi ileile anayoishambulia. Hoja yake ni kwamba katika sanaa ya kale mwandishi anaandika matini, kisha watumishi, mafundi na wafanyakazi wengine ndio wanaokitengeneza kitabu. Katika sanaa mpya, mwandishi anakitengeneza mwenyewe. Katika sanaa ya kale kurasa zote zinafanana na msomaji anazipita bila kuziona. Katika sanaa mpya kila ukurasa una kazi yake na lazima uhisiwe. Maneno yenyewe, anasema, hayana haki ya pekee: kitabu kinaweza kuwa nayo au kisiwe nayo.

Nusu ya kwanza ya hoja hii naikubali bila shida. Nusu ya pili inahitaji kupimwa kwa kipimo cha mahali. Aliyekulia katika lugha yenye vitabu tele, yenye magazeti, kamusi, mikusanyo ya mashairi na wachapishaji wa miji mingi, anaweza kusema kwamba amechoka na maneno. Katika lugha yake hakuna kitakachopotea akiyaacha. Kiswahili cha Lubumbashi hakijafika hapo. Ni lugha ya soko, ya mgodi, ya kanisa, ya ugomvi na ya mapenzi, lakini ukitafuta rafu ya vitabu vilivyoandikwa ndani yake hutapata rafu. Utapata vitu vichache vilivyotawanyika, na kimoja kati ya hivyo nadhani kila mtu wa mji huu anayejali vitabu angestahili kukijua.

Mwaka 1965, mji ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, mtu aliyeitwa André Yav aliandika historia ya mji kwa niaba ya waliowahi kuwa watumishi wa majumbani, wale walioitwa maboi. Aliupa mswada huo jina la Kifaransa, Vocabulaire de la ville d'Élisabethville, ingawa si orodha ya msamiati hata kidogo. Ni masimulizi ya jinsi mji ulivyoanzishwa, ya mabwana na majina waliyopewa na watumishi wao, ya mishahara, ya vita, ya kampuni ya migodi, kama vilivyoonekana kutoka jikoni. Ulipigwa taipu ukatolewa nakala, bila mchapishaji. Tahajia yake haikufuata kitabu chochote cha shule. Maneno yanaungana na kuachana bila kanuni, kiasi kwamba anayeusoma kimya kimya anakwama kila mstari. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyeuchapisha pamoja na tafsiri na uchambuzi mwaka 1990, alilazimika kupata mtu wa hapa, Kalundi Mango, ausome kwa sauti. Uliposomwa kwa sauti, ukaeleweka.

Tukiupima mswada wa Yav kwa kipimo cha Carrión tunapata matokeo ya ajabu. Kwa upande mmoja Yav ni mtengenezaji wa kitabu kwa maana kamili ya makala ya 1975, miaka kumi kabla ya makala kuandikwa: hakusubiri mafundi, hakuomba ruhusa, akaweka mkononi mwake kila hatua aliyoweza kuiweka. Hata usomaji wake unahitaji mwili na sauti, jambo ambalo Carrión angelifurahia. Kwa upande mwingine, hakuna neno hata moja katika mswada huo ambalo unaweza kuliondoa kwa hoja kwamba maneno hayana haki ya pekee. Umbo lake ni la lazima kwa sababu ya yale yanayosemwa, wala halikutafutwa kwa ajili yake lenyewe. Yav hakuwa amechoka na fasihi. Alikuwa na jambo ambalo lisingeandikwa na mtu mwingine yeyote, na alijua hivyo.

Ndiyo maana nasita ninapoona kazi za vijana wetu zilizoanza moja kwa moja kwenye kitabu kisicho na maneno: kurasa nyeupe zilizotobolewa, kurasa zilizochomwa, kurasa zilizopakwa udongo mwekundu wa migodini. Baadhi ni nzuri. Lakini mtu aliyeruka hatua ya kuandika hajaishinda. Ameikwepa, na mtazamaji makini anaihisi tofauti hiyo haraka kuliko msanii anavyodhani.

Kuna wanaojibu hoja hii kwa kutaja lukasa, ubao wa kumbukumbu wa Waluba, na kusema kwamba sisi tulikuwa na kitabu kisicho na herufi karne nyingi kabla ya Amsterdam. Ni kweli kwamba lukasa ni kitu kinachoweza kumfundisha Carrión mwenyewe: ubao unaoshikika kwa mkono mmoja, uliopangwa shanga na makombe ya baharini, ambao mjuzi wa chama cha Mbudye aliusoma kwa kupitisha kidole juu yake huku akitamka nasaba za wafalme, safari za mababu na mahali patakatifu. Shanga ileile iliweza kusomwa kwa namna tofauti mbele ya hadhira tofauti. Lakini majigambo haya yanasahau jambo moja. Lukasa ilikuwa mali ya wachache waliofunzwa, na siri ilikuwa sehemu ya nguvu yake. Carrión alitaka kinyume chake: kitu cha bei ndogo, chenye nakala nyingi, kinachomfikia yeyote mwenye anwani. Kuviita vyote viwili kitabu ni sawa, mradi tusijifanye kwamba vilikuwa na lengo moja.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye duka.

Kabla ya kulifungua, Carrión alikuwa miongoni mwa wasanii wa In-Out Center, ukumbi uliokuwa ukiendeshwa na wasanii wenyewe mjini Amsterdam tangu 1972. Wengi wao walikuwa wageni: watu wa Amerika ya Kusini na wa Iceland ambao hawakuwa na nafasi katika majumba makubwa ya sanaa ya Uholanzi, wakaamua kujipatia chumba. Chumba hicho kilifungwa baada ya miaka michache. Carrión akabaki na swali ambalo wenzake wengi hawakulipa uzito: kitabu cha msanii kikishatengenezwa, kinakwenda wapi? Maduka ya vitabu hayakukitaka kwa sababu hakikufanana na kitabu. Majumba ya sanaa hayakukitaka kwa sababu kilikuwa cha bei ndogo mno kuweza kuuzwa kama mchoro. Akafungua Other Books and So. Mwaliko wa ufunguzi uliorodhesha kwa utani aina za bidhaa: visivyo vitabu, vipinga vitabu, vya kuonekana tu, vya dhana, vya maagizo, na kadhalika, orodha ndefu ya vitu ambavyo hakuna muuza vitabu mwenye akili ya biashara angevikubali.

Duka liliuza, lilipokea, lilibadilishana, lilifanya maonyesho. Wasanii wa Ulaya ya Mashariki, wa Amerika ya Kusini, wa Japani, walituma kazi zao kwa posta, nazo zikawekwa kwenye meza moja na kazi za watu wenye majina. Kijitabu kilichotoka Brazili chini ya utawala wa kijeshi kilikaa karibu na kijitabu kilichotoka mtaa wa pili, kila kimoja na bei yake ndogo. Mnamo 1979 duka likageuka kuwa hifadhi ya nyaraka. Carrión hakulichukulia duka kama kazi ya kumpatia mkate ili apate kufanya sanaa jioni. Aliuliza waziwazi mpaka uko wapi kati ya kazi ya msanii na shughuli ya kuipanga na kuisambaza kazi hiyo, na jibu lake kwa vitendo lilikuwa kwamba hakuna mpaka. Kuandika orodha, kufunga vifurushi, kujibu barua, kukumbuka nani ana nini na nani anahitaji nini: hayo yote aliyahesabu kuwa sanaa yake.

Nasema hiyo ndiyo kazi yake bora kwa sababu ndiyo iliyotatua tatizo halisi. Vitabu vyake vingi ni majibu ya maswali ya ndani ya fasihi. Duka lilijibu swali la wengi. Na tatizo hilo ndilo letu hasa. Lubumbashi haina upungufu wa watu wanaotengeneza vitu. Mshairi wa mtaa wa Katuba anaweza kupeleka mashairi yake kwenye moja ya sekretaria, vibanda vya kupiga taipu na kutoa nakala, za karibu na chuo kikuu, yakapigwa, yakatolewa fotokopi, yakabanwa kwa stepla katika nafasi ya saa mbili, umeme ukiwapo. Kisha? Anazigawa nakala kwa marafiki, nakala tano zinabaki chini ya kitanda, na baada ya masika mawili hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba kitabu kile kilikuwapo. Wanafunzi wetu wamejua tangu zamani kwamba silabasi, yaani maandishi ya masomo ya mwalimu, inaweza kuzunguka mji mzima bila mchapishaji wala duka. Mtandao huo wa fotokopi upo, unafanya kazi kila siku, na wasanii hawajautumia.

Tunao mfano mchungu wa kinachotokea msanii asiposhika usambazaji. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mji huu mwaka 1947, alikuwa akiuza michoro yake mmoja mmoja kwa kupita nyumba kwa nyumba, kama wachoraji wenzake, na wanunuzi walikuwa watu wa kawaida waliotaka picha ya kutundika sebuleni. Lakini kichwani alikuwa na historia nzima ya nchi. Mwaka 1973 na 1974 alipokutana na Fabian, yule yule aliyeuchapisha mswada wa Yav, alipata mnunuzi wa mfululizo wote: michoro mia moja na mmoja, tangu mababu hadi mustakabali, na masimulizi ya kila mchoro kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Ukiyatazama hayo kwa jicho la Carrión, hicho ni kitabu. Kila turubai ni ukurasa, na maana inakaa katika mfuatano. Hata hivyo, kitabu hicho kilipata umbo lake kwa sababu alitokea msomi wa kigeni mwenye fedha na mashine ya kurekodi. Kilitolewa kama chapisho la chuo kikuu cha Marekani mwaka 1996, miaka mingi baada ya Tshibumba kutoweka bila habari, na michoro yenyewe ikaishia katika jumba la makumbusho la Tropenmuseum, ambalo leo linaitwa Wereldmuseum. Jumba hilo liko Amsterdam. Fabian alifundisha katika chuo kikuu cha mji huohuo tangu 1980, mji ambao Carrión naye alikuwa akifungia vifurushi vyake. Sina haja ya kuwakutanisha watu hawa kwa nguvu. Inatosha kuona kwamba mji mmoja ulikuwa na watu wanaojua thamani ya kuhifadhi na kupanga, na mji mwingine ulikuwa na mchoraji.

Simlaumu Fabian, ambaye alisikiliza pale ambapo wengi walipita. Wala silisemi hili kama kwamba hakuna lililobadilika. Kikundi cha Picha, ambacho mpigapicha Sammy Baloji ni mmoja wa waanzilishi wake, kimeendesha tangu 2008 maonyesho makubwa ya kila baada ya miaka kadhaa yanayojulikana leo kama Biennale ya Lubumbashi; kituo cha sanaa Waza, chini ya mwandishi Patrick Mudekereza, kimefanya kazi ya subira na watu wa mitaani na wa migodini. Baloji mwenyewe alianza kujulikana kwa mfululizo wa mwaka 2006 ambamo watu waliokatwa kutoka picha za zamani za kikoloni wanasimama mbele ya magofu ya leo ya viwanda vya Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, kazi ambayo haisomeki sawasawa mpaka picha zifuatane. Lakini maonyesho ni wakati, na kitabu cha bei ndogo ni mzunguko. Tuna wakati, mzunguko bado.

Katika jambo la posta Carrión angecheka akifika kwetu. Mwaka 1977 alianzisha alichokiita mfumo wa kimataifa wa posta usio na mpangilio: ujumbe wa umbo lolote na ukubwa wowote ungefikishwa kwa mwenyewe kwa njia yoyote isipokuwa posta rasmi. Kwake ilikuwa hoja dhidi ya urasimu wa serikali. Kwetu ndiyo njia ya kawaida. Bahasha ya kwenda Kalemie au Mbuji-Mayi inakabidhiwa msafiri, dereva wa lori au wakala wa basi. Juu yake hauandikwi mtaa wala sanduku la barua, zinaandikwa nambari mbili za simu, ya mtumaji na ya mpokeaji, na mara nyingine jina la mtu wa tatu anayeaminiwa na wote wawili. Bahasha inafika. Msanii wa hapa hana haja ya kubuni mfumo mbadala. Anahitaji tu kuuona ule anaoutumia kila wiki kuwa ni kifaa.

Mihuri ni jambo jingine. Amsterdam ya miaka ile ilikuwa na ukumbi maalumu wa sanaa ya mihuri ya mpira, ulioendeshwa na Aart van Barneveld, aliyekuwa karibu sana na Carrión, na Carrión aliandika juu ya mihuri kwa makini kuliko wengi. Kule, kuugonga muhuri wa utani kwenye postikadi ni kuicheka mamlaka. Hapa muhuri ndio unaoamua kama cheti ni cheti na kama mzigo utapita. Anayechonga mihuri kando ya barabara anajua hatari ya kazi yake, na msanii atakayeiga utani wa Amsterdam bila kufikiri anaweza kuulizwa maswali na watu wasiopenda sanaa.

Uangalifu huohuo nauhitaji juu ya mradi wake wa 1981 kuhusu umbea. Akisaidiwa na marafiki alieneza mjini Amsterdam uvumi juu yake mwenyewe, akafuatilia ulivyosafiri na kubadilika, kisha akatoa mhadhara wa chuo kikuu kuhusu matokeo, kwa michoro na istilahi kama profesa wa fizikia. Ni kazi ya kuchekesha na yenye akili. Inaonyesha kwamba uvumi una mtunzi, una nakala, una wasambazaji, kwamba ni kitabu kisicho na karatasi. Watu wa redio trotwa, yaani habari za mitaani zinazopita mdomo kwa mdomo, hawakuhitaji kufundishwa hilo. Lakini Carrión alijichagua mwenyewe kuwa mhusika wa uvumi, katika mji ambao umbea ungemgharimu aibu kidogo. Sisi tunakumbuka miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasaï walipofukuzwa Katanga, na tunakumbuka yaliyokuwa yakisemwa vibarazani kabla ya watu kuanza kulala kwenye vituo vya treni. Mtu anayetaka kufanya jaribio la aina hiyo Lubumbashi lazima aanze kwa kulijua hilo.

Mwaka 2016 jumba la Reina Sofía mjini Madrid lilimfanyia Carrión maonyesho makubwa, ambayo mwaka uliofuata yalikwenda Mexico. Vitabu vilivyouzwa kwa senti chache leo vinatafutwa na wakusanyaji na kuwekwa ndani ya vioo, mahali ambapo hakuna mgeni anayeruhusiwa kufungua ukurasa wa pili. Kitabu kilichotengenezwa kiwe mfululizo wa nafasi kinaonyesha nafasi moja tu, ile iliyofunguliwa na mhifadhi. Kinachoendelea kusafiri bila kizuizi ni ile makala ya 1975, yaani matini, maneno matupu yanayonakiliwa kwa karatasi yoyote na herufi zozote bila kupoteza kitu. Nchini Mexico maandishi yake yalianza kuchapwa upya kwa Kihispania mwaka 2012, na kizazi kipya kikamjua kwa kumsoma, kwa maana ya kale kabisa ya neno hilo. Sanaa aliyoiita ya kale ndiyo iliyomwokoa.

Kwa hiyo kijana wa Katuba au wa Kamalondo akiniuliza aanzie wapi kwa Carrión, sitamwambia aanze na kurasa nyeupe. Nitamwambia aandike alichonacho cha kusema, atoe nakala thelathini, na kabla hajabana ya kwanza kwa stepla awe ameandika kwenye daftari majina thelathini ya watu atakaowapelekea, pamoja na nambari zao za simu, akiacha nakala moja kwa mtu asiye rafiki yake ambaye amekubali kuitunza.